Programu Inapogoma Kusakinika: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Namba ya hitilafu kwenye skrini hutaja chanzo cha tatizo.

Mara nyingine ndiyo. Katika Windows, 1618 iko wazi: kuna usakinishaji mwingine unaoendelea, subiri umalizike. Lakini 1603, inayowasumbua wengi zaidi, husema tu kwamba kazi imeshindikana. Huenda folda haina ruhusa, huenda diski imejaa, au toleo la zamani limebaki nusunusu. Kama faili lako linaishia na .msi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kwa "Run as administrator", ingia kwenye folda lilimo faili, kisha andika amri hii, inayosakinisha huku ikiandika logi, yaani kumbukumbu ya kila hatua:

msiexec /i programu.msi /l*v C:\Users\Public\logi.txt

Badala ya programu.msi weka jina la faili lako. Ikigoma tena, fungua logi.txt kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F na utafute "Return value 3". Kwa kawaida kilichoharibika kimetajwa mistari michache juu ya maneno hayo, kwa hiyo usihangaike na yaliyo chini yake. Logi ni ndefu na inachosha macho, ila ni afadhali kuliko kurudia usakinishaji uleule mara tano ukitarajia jibu jingine.

Dhana: Nimechagua diski D yenye nafasi tele, kwa hiyo nafasi si tatizo.

Visakinishi vingi hufungua mafaili yao kwanza kwenye folda ya muda, ambayo kwa kawaida iko C. C ikijaa, kazi hukwama hata kama D ni tupu. Bonyeza Windows+R, andika %temp%, futa yanayofutika. Yanayokataa yanatumika, yaache. Usiguse C:\Windows\Installer hata ikiwa imevimba: yaliyomo ndiyo yanayohitajika kurekebisha, kusasisha na kuondoa programu zako.

Dhana: Ukifuta folda ya programu ndani ya Program Files, umeiondoa.

Umefuta mafaili, lakini rejista, yaani hifadhidata ambamo Windows hutunza mipangilio na taarifa za programu, bado inaitambua. Kisakinishi kipya kinakuta jina lipo, kinajaribu kuliondoa toleo la zamani kwa mafaili ambayo hayapo, kinaanguka. Anza na orodha ya Apps ndani ya Settings. Ikishindikana, Microsoft hutoa bure kifaa kiitwacho "Program Install and Uninstall troubleshooter". Programu zinazojinadi kusafisha rejista ni za kuepuka. Zinaweza kufuta hata kinachohitajika.

Dhana: Kuzima na kuwasha ni sawa na Restart.

Si lazima. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup: ukizima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile unapowasha. Ili mfumo uanze upya kweli kabla ya kujaribu tena kusakinisha, chagua Restart.

Dhana: VCRUNTIME140.dll haipo, basi niipakue mtandaoni.

Dll ni faili la msimbo ambalo programu hulitegemea ili ifanye kazi, na tovuti zinazogawa dll mojamoja haziaminiki. Pakua Visual C++ Redistributable, kifurushi chenye faili hilo, kutoka Microsoft. Kwenye Windows ya biti 64 sakinisha zote mbili, x86 na x64, maana programu ya biti 32 huhitaji ile ya x86.

Dhana: Antivairasi ndiyo inayozuia, izime.

Kwanza hakikisha faili limeshuka zima. Kwenye Command Prompt, ndani ya folda lilimo faili, andika certutil -hashfile programu.exe SHA256 (ukiweka jina la faili lako), amri inayokokotoa alama ya utambulisho wa faili, ulinganishe herufi na tarakimu 64 utakazopata na zile zilizowekwa na mtengenezaji. Zikitofautiana hata kwa moja, futa faili hilo na upakue upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, antivairasi ikiwa bado inafanya kazi.