Jalada lililofunguliwa si orodha ya wahalifu

Tangu Januari 2024, kila jina la Jeffrey Epstein, tajiri Mmarekani aliyeshitakiwa kwa kuwadhulumu wasichana kingono, likitajwa, atatokea mtu aseme mahakama ilitoa orodha ya wateja wake. Haikutoa. Ilifungua nyaraka ambazo awali zilizuiwa kwa amri ya jaji zisisomwe na umma. Nyaraka zilizofungwa ni hizo tu: karatasi za jalada la kesi ambazo jaji amezificha, zote au baadhi ya mistari.

Marekani kanuni ni uwazi. Waraka ukishawekwa mbele ya jaji ili aamulie, umma una haki ya kuuona, na anayetaka ufichwe ndiye anayedaiwa sababu.

Tena kesi yenyewe haikuwa ya jinai. Virginia Giuffre, aliyesema Epstein alimdhulumu akiwa msichana, alimshitaki Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein, mwaka 2015 kwa kumchafulia jina, wakamalizana mwaka 2017. Nyaraka 167, karibu moja ya tano ya jalada, zilibaki zimefungwa. Gazeti la Miami Herald na wengine wakaomba zifunguliwe, na Julai 2019 Mahakama ya Rufani ikasema jaji alikosea kuzifunga bila kupima mmoja mmoja. Hukumu hiyohiyo, na hapa ndipo watu wanaporuka, iliwaasa waandishi na wasomaji wawe waangalifu, kwa kuwa madai yaliyoandikwa kwenye hati za kesi si lazima yawe kweli.

Kazi ya kupima ikamwangukia Jaji Loretta Preska. Amri yake ya Desemba 18, 2023 inawataja watu kwa namba, na kando ya kila namba kuna sababu fupi: huyu alishajitaja mwenyewe hadharani, yule hakuweka pingamizi, wa tatu alidhulumiwa akiwa mtoto kwa hiyo jina lake libaki limefichwa. Humo wamo mashahidi, wafanyakazi, waathirika, na watu waliotajwa tu katikati ya mahojiano. Kuwaita wote wateja ni kuwaumiza upya wale waliokwisha kuumizwa.

Mafaili ya wapelelezi nayo ni kitu kingine. Mengi hayakuwa kwenye masjala ya mahakama, yalikuwa mikononi mwa serikali. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria Novemba 2025 kuibana Wizara ya Sheria iyatoe. Ushahidi uliotolewa mbele ya baraza la siri la wananchi wanaoamua kama mtu ashitakiwe una ulinzi wake tena, na Agosti 2025 Jaji Paul Engelmayer alikataa kuufungua katika kesi ya jinai ya Maxwell, ingawa huyo alishahukumiwa miaka 20 tangu 2022; akaruhusu ufunguliwe Desemba 2025, baada ya sheria hiyo kupita.

Kwa hiyo, ndugu, ukitaka kulisema jambo hili sawasawa, sema mahakama ilifungua nyaraka za kesi ya Giuffre na Maxwell, na fulani ametajwa humo. Kisha utuambie nani alimtaja, na kwenye hati gani.