Mama hana jino hata moja: maswali kuhusu meno ya bandia

Mamangu anakaa Kisauni. Aling'olewa meno yote, akatengenezewa seti mbili. Ya juu imetulia, ya chini inacheza mpaka anaona haya kula mbele za wageni. Fundi alikosea?

Si lazima. Seti ya juu hufunika kaakaa, na utando mwembamba wa mate huifanya inate. Ya chini haina pa kunata: imekalia ukingo mwembamba wa ufizi, huku ulimi na mashavu vikiisukuma. Tena jino likishang'oka, mfupa uliolishika huanza kusinyaa, hasa mwaka wa kwanza, na taya la chini husinyaa zaidi kuliko la juu. Ndiyo maana meno yaliyomkaa vizuri mwaka jana yanaweza kulegea mwaka huu. Daktari anaweza kuyajaza upande wa ndani yashike upya. Tafadhali msiyakwangue wenyewe kwa kisu au msasa. Mkishayaharibu, huenda ikabidi kutengeneza mengine.

Ale nini?

Aanze na vyakula laini: wali, mbaazi za nazi, mahamri yaliyolowekwa kwenye chai. Atafune pande zote mbili kwa pamoja, maana akitafuna upande mmoja, upande wa pili huinuka. Muhindi wa kuchoma asiung'ate kwa meno ya mbele, upukuchuliwe. Na samaki mumtolee miiba kabisa. Kaakaa likifunikwa, mtu haihisi miiba kama zamani, na anaweza kuimeza bila kujua.

Alale nayo?

Hapana, ufizi unahitaji kupumzika. Usiku ayasugue kwa brashi laini na sabuni ya maji, juu ya beseni lenye maji ili yakimponyoka yasivunjike, kisha ayaloweke kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda. Akilala nayo kila siku, kuvu huota na kaakaa huwa jekundu.

Hana meno, daktari wa meno wa nini tena?

Wa ufizi, ulimi na mashavu. Hasa kama anatafuna tambuu: popoo, ile kokwa inayofungwa ndani ya jani la tambuu, husababisha saratani ya kinywa hata isipochanganywa na tumbaku. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, au doa jeupe au jekundu lisilotoka, kionwe hospitalini hata kama hakiumi. Kama ni seti inayomchubua, aivue apumzike, lakini aivae saa chache kabla ya kwenda, ili daktari aone inapogusa.