Je, wajua mahakama ya watoto huamuaje kama mtoto kweli alitenda kosa?

Mtoto wa miaka 12 alishtakiwa New York kwa kuiba dola 112 kutoka kwenye mkoba wa mwanamke. Hakimu alikubali kwamba ushahidi ule huenda usingefikia kiwango cha kumtia hatiani mtu mzima. Akamwona mkosaji vilevile.

Hakukiuka sheria. Mtu mzima akishtakiwa kwa jinai, upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana. Kwa mtoto, sheria ya New York ya enzi hizo iliridhika na kipimo cha kesi za madai: ushahidi wa upande mmoja uuzidi wa mwingine, hata kwa kiasi kidogo.

Waliobuni utaratibu huo hawakuwa na nia mbaya. Tangu mahakama ya kwanza ya watoto Marekani ifunguliwe Chicago mwaka 1899, hakimu alitazamwa kama mzazi anayerekebisha, wala si mtoa adhabu. Mawakili na mabishano ya nini? Lakini marekebisho yenyewe yalikuwa kufungiwa. Mtoto yule alipelekwa shule ya maadilisho kwa miezi 18, na muda ungeweza kuongezwa hadi atimize miaka 18. Miaka 6 kwa ushahidi wa kubahatisha!

Arizona mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1964 kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Jirani hakukanyaga mahakamani, kijana hakuwa na wakili, na hakuna aliyeandika mwenendo wa shauri. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi 2. Gault aliamriwa azuiliwe mpaka afikishe miaka 21, kama asingeachiwa mapema.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo mwaka 1967: mtoto ajulishwe tuhuma mapema, awe na wakili, mashahidi wahojiwe mbele yake, na asilazimishwe kujitia hatiani. Mwaka 1970 ikaja zamu ya kesi ya mkoba. Majaji walisema kipimo ni kilekile cha mtu mzima.

Siku hizi huko shauri huenda kwa hatua mbili. Kwanza huulizwa: alitenda? Mara nyingi hakimu huamua peke yake. Jibu likiwa ndiyo, ndipo huulizwa afanyiwe nini, na hapo ndipo ripoti za nyumbani na shuleni hupata nafasi yake. Mpangilio huu naupenda: utoro wa shule hauthibitishi kwamba mtu kaiba mkoba.

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama ya watoto isikilize mashauri kwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa. Kwa mwenye miaka 10 ambaye hajafikisha 12, kuonyesha kwamba alitenda hakutoshi. Upande wa mashtaka uthibitishe pia kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa hakupaswa kufanya hivyo.