Losheni ya kipande: kupanga nta, shea na mafuta kwa joto la Kisumu na baridi ya Nakuru

Losheni ya kipande ni losheni isiyo na maji, iliyogandishwa ikawa ngumu kama kipande cha sabuni. Mapishi yake mengi hugawanya vitu kwa tatu: nta ya nyuki sehemu moja, siagi ya shea (mafuta mazito ya mbegu za mti wa shea) au ya kakao sehemu moja, mafuta ya maji, yaani mafuta yasiyoganda, sehemu moja. Katika nchi za baridi hesabu hiyo inatosha kabisa. Kisumu, saa nane mchana, kipande cha aina hiyo hulegea mkobani, hulowesha kifuniko cha mkebe, na ukikisugua mara moja mkononi kinaacha mafuta mengi kuliko unavyohitaji. Kipande hupangwa kwa joto la pale kitakapokaa. Ukishaelewa hilo, huna haja ya kukariri mapishi ya mtu yeyote, pamoja na haya yangu.

Anza na namba chache. Ngozi ya mkono huwa na joto la nyuzi 32 hadi 34 hivi. Mchana wa Kisumu mara nyingi hufika nyuzi 29 hadi 31, na miezi ya kiangazi hupita hapo. Kwa hiyo kati ya hewa na ngozi yako kuna nafasi ya nyuzi mbili tatu tu, na kipande kinatakiwa kibaki kigumu hewani, kisha kilainike kikigusa ngozi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Shea huyeyuka kati ya 32 na 38, kakao kati ya 34 na 38. Nta ya nyuki haiyeyuki mpaka 62 hadi 65. Ukizipanga hivi utaona mwenyewe kwamba Kisumu hakuna cha kushikilia umbo isipokuwa nta, kwa kuwa shea yenyewe iko karibu kuyeyuka, na nazi lazima uihesabu kama mafuta ya maji, hata kama uliinunua ikiwa imeganda.

Nakuru ni mambo mengine. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu mita 1,131. Usiku wa Nakuru hushuka hadi nyuzi 10 na kitu, na asubuhi kipande chenye nta ya kiwango cha Kisumu kinakwaruza ngozi badala ya kuteleza.

Kwa gramu 120, yaani vipande viwili vya gramu 60, mimi hupanga hivi kwa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia: nta gramu 45, shea gramu 30, kakao gramu 15, mafuta ya maji gramu 29, vitamini E gramu 1. Kwa Nakuru na Kitale: nta gramu 36, shea gramu 36, kakao gramu 12, mafuta ya maji gramu 35, vitamini E gramu 1. Kakamega iko katikati, nami hutumia nta gramu 40 na kupunguza au kuongeza mafuta ya maji hadi jumla itimie 120. Vyote hupimwa kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Kijiko hakifai hapa: kijiko cha nta iliyokwaruzwa huwa na hewa nyingi, na tofauti ya gramu tano za nta kwenye mchanganyiko mdogo kama huu inabadilisha kipande kizima.

Nta

Hiki ndicho kiungo kinachostahili muda wako. Magharibi na Bonde la Ufa tuna bahati, kwa sababu Baringo na Pokot Magharibi ni maeneo ya asali, na mizinga ya magogo hutoa nta nyingi kwani masega hukatwa yote wakati wa kurina. Nta hiyo hufika sokoni ikiwa donge la kahawia lenye mabaki ya nyuki, chavua na gundi ya mzinga. Ukiiyeyusha jinsi ilivyo, losheni itanuka moshi na kuwa na vumbi chini.

Isafishe hivi. Weka madonge kwenye sufuria pamoja na maji ya kutosha, moto mdogo, bila kuyafikisha kwenye mchemko mkali. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kwa sababu madini ya maji magumu hushikana na sehemu ya nta, ukabaki na tabaka la kijivu lenye vitundu ambalo halifai kitu. Tumia sufuria ya stenlesi. Chuma kitupu na shaba huibadilisha nta rangi. Ikishayeyuka yote, chuja kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya moto, uache chombo kipoe polepole, kimefunikwa na kuzungushiwa blanketi kuukuu. Upole huo ndio unaoutuma uchafu chini. Kesho yake nta itakuwa imejikunja kidogo na kuachia kingo, nawe utaitoa ikiwa sahani moja. Igeuze: chini yake kuna ngozi ya kahawia inayomomonyoka. Paruza yote kwa kisu mpaka uione nta ya manjano. Rudia mara moja au mbili.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka. Nta iliyosafishwa kwa maji bado ina maji ndani. Iyeyushe tena peke yake, bila maji, ndani ya bakuli lililo juu ya sufuria ya maji ya moto, na uiache hapo mpaka vipovu viishe kabisa. Usipofanya hivyo, maji hayo yataingia kwenye losheni, na penye maji ndipo ukungu hukaa.

Nta ya kuuzwa huchanganywa na nta ya mishumaa, yaani parafini. Vunja kipande kilichopoa: nta halisi hukatika ikionyesha uso mkavu wa punjepunje, na ina harufu ya asali hata ikiwa ya zamani. Ikikaa miezi kadhaa hufanya utando mweupe kama unga juu yake, na utando huo si kuharibika. Hufutika kwa kitambaa chenye joto. Iliyojaa parafini haina harufu na hushikika kwa utelezi mkavu wa mshumaa. Parafini haitakudhuru, ila huyeyuka mapema kuliko nta, kwa hiyo vipimo vyote hapo juu vitakosea.

Shea, kakao na mafuta ya maji

Shea inayofika kwetu kupitia Busia mara nyingi ni ile ya kaskazini mwa Uganda, aina ya nilotica. Ni nzuri mno kwa ngozi kavu, lakini ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na kwenye joto la Kisumu hukaa chomboni ikiwa nusu maji. Ukitumia hiyo, ongeza nta gramu 3 na upunguze mafuta ya maji gramu 3. Ya Ghana ni ngumu zaidi na ndiyo niliyoikusudia kwenye vipimo vya mwanzo. Kakao huwekwa kidogo tu, kukaza kipande. Ukiizidisha, kipande hukatika kama biskuti.

Kwa mafuta ya maji, chaguo langu la kwanza ni mafuta ya parachichi yaliyokamuliwa bila moto. Yana kwa wingi asidi ya oleiki, aina ya mafuta isiyoharibika haraka, kwa hiyo hayachachi upesi. Simsim nayo ni nzuri na ina kinga yake ya asili dhidi ya kuchacha, mradi mbegu hazikukaangwa, maana ya kukaangwa itakunukia jikoni siku nzima. Alizeti ya kupikia ni rahisi kupata na ni nyepesi, lakini ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, aina ya mafuta inayoharibika haraka, na huchacha mapema. Iwekee vitamini E bila kukosa, na usitengeneze akiba kubwa. Mbarika usizidishe gramu 6 kati ya zile 29, la sivyo ngozi itanata. Mafuta ya njugu karanga siyaweki kabisa kwenye losheni ya kugawa, kwa sababu ya wenye mzio, na ukitumia simsim iandike kwenye kibandiko kwa sababu iyo hiyo.

Vitamini E hupunguza kuchacha kwa mafuta. Haiui bakteria wala ukungu. Losheni ya kipande haihitaji dawa ya kuzuia vijidudu kwa kuwa haina maji, na ndiyo maana huwezi kuichanganya na utomvu wa shubiri, asali, maziwa, wala juisi ya ndimu. Nakuomba ulishike hili kuliko jambo lingine lolote katika ukurasa huu, hasa ikiwa losheni itapakwa mtoto.

Kuyeyusha na kumimina

Hakikisha kila chombo ni kikavu. Bandika sufuria yenye maji ya kina cha vidole viwili, weka juu yake bakuli la stenlesi. Nta usiiweke moja kwa moja juu ya jiko, iwe la gesi au la makaa. Ikipata moto kupita kiasi hushika moto, na nta inayowaka haizimwi kwa maji, bali kwa kufunikwa.

Nta hutangulia, ikiwa imekwaruzwa. Ikishayeyuka ongeza mafuta ya maji. Itaganda mabongemabonge ukitia mafuta ya baridi. Usiogope, moto uleule utairudisha. Kakao ifuate, na shea mwisho. Acha mchanganyiko ufike nyuzi 75 hivi ukae hapo dakika kumi, ukikoroga taratibu.

Sasa jaribu kabla ya kumimina. Kijiko cha chuma kilichokaa kwenye friza kiguse mchanganyiko, tone ligande mgongoni mwa kijiko, kisha kiache mezani dakika kumi kipate joto la chumba. Bonyeza kwa kucha. Kucha ikizama bila kizuizi, ongeza nta gramu 3 au 4. Ikiacha alama nyembamba tu, sugua tone hilo kwa kidole: likichukua zaidi ya sekunde kumi kuanza kuteleza, ongeza mafuta ya maji gramu 4. Jaribio hili ndilo linalokuwezesha kubadilisha viungo bila kubahatisha.

Epua, subiri mchanganyiko ushuke hadi nyuzi 60 na kitu, tia vitamini E na harufu, koroga, mimina kwenye kalibu za silikoni. Ukisubiri chini ya hapo utaona pembeni mwa bakuli panaanza kuganda, na kipande kitatoka na mistari.

Chengachenga, nyufa na jasho

Malalamiko ya kawaida ni kwamba losheni ilikuwa laini, kisha baada ya wiki ikawa na chengachenga. Chanzo ni shea. Ndani yake mna mafuta mazito yanayoganda mapema na mepesi yanayochelewa. Ikipoa polepole, mazito hukusanyika peke yao na kufanya punje. Kisumu jambo hili hujirudia hata baada ya kutengeneza, kwa sababu mchana kipande hulainika kidogo na usiku huganda taratibu. Dawa yake ni kuyeyusha kila kitu kabisa, mpaka nyuzi 75 zile, ili kusibaki punje ya kuanzisha nyingine, halafu kupoza haraka: mara tu uso unapoganda, peleka kalibu kwenye friji kwa dakika 20 hadi 30. Losheni yenye chenga haijaharibika. Iyeyushe upya na uipoze upesi.

Usiiache friji usiku kucha wala kuianzia kwenye friza, maana nje itajikunja kabla ya ndani na itapasuka. Shimo katikati ya kipande linatokana na nta kupungua ujazo ikiganda. Bakiza mchanganyiko kidogo, uupashe, ujazie. Vitone vya mafuta juu ya kipande humaanisha mafuta ya maji yamezidi, au kipande kimezunguka mno kati ya joto na baridi.

Harufu iwe kidogo, asilimia 1 kwa jumla, ambayo ni gramu 1.2 kwa mchanganyiko wetu. Mafuta ya mchaichai yana nguvu na huwasha wengine, kwa hiyo yasipite gramu 0.8. Ndimu, limau na bagamoti zilizokamuliwa kwenye maganda siziweki kwenye losheni ya mchana, kwani huifanya ngozi iungue kwa jua. Mkaratusi na peremende usiweke kwenye losheni ya watoto wadogo. Ya mtoto mchanga isiwe na harufu yoyote iliyoongezwa.

Jipake baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu losheni hii haileti maji, huyafungia tu. Ila kipande chenyewe kisiloe: kipashe kwanza kati ya viganja vikavu, halafu paka kwa viganja. Kihifadhi kwenye mkebe wa bati, mbali na dirisha, na usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani, ambamo hata gramu 45 za nta hazitakiokoa. Karatasi ya kaki pekee hunyonya mafuta, hivyo tanguliza karatasi ya kuokea. Andika tarehe, na kama muda wa mojawapo ya mafuta uliyotumia unaisha baada ya miezi minne, huo ndio muda wa losheni yako yote. Anayetaka kuuza dukani atahitaji alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), na huko huenda akaulizwa orodha kamili ya viungo na uzito wake, kwa hiyo daftari la vipimo lianze na mchanganyiko wa kwanza.