Antibayotiki "ya kupaka" ufizini

Juzi nilikuwa duka la dawa, Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Bibi mmoja, midomo myekundu kwa tambuu, akamwambia kijana wa kaunta: "Mwanangu, nipe rangi mbili, nne tu. Nikazifungue nipake ule unga ufizini, unatoa damu." Rangi mbili ni zile kapsuli za antibayotiki zenye ganda la rangi mbili. Kijana akajibu, "Haya bibi, ndiyo antibayotiki yenyewe ya kupaka." Mwaka huu nimelisikia hilo mara nyingi mno.

Antibayotiki ya ufizini ipo kweli. Ni jeli au punje ndogo sana zenye doksisaiklini au minosaiklini. Daktari wa meno huziingiza kwenye mfuko ulio kati ya jino na ufizi, zikatoa dawa polepole kwa siku kadhaa. Basi.

Tabu iko kwenye hilo "kupaka". Tunapaka mafuta, rangi, hina: mambo ya juu. Ugonjwa huu wa ufizi hauko juu. Kwenye ufizi mzima, kina cha mfuko huo ni milimita 1 hadi 3. Unaotiwa dawa kwa kawaida umefika 5 au zaidi. Unga wa bibi utaoshwa na mate kabla hajafika barabara ya 13.

Na humo chini mna ugaga, ambao watu huuchanganya na ukoga, na hapo ndipo ninapokereka hasa. Ukoga ni ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi, mswaki unautoa. Ukiachwa, madini ya mate, na huko chini ya majimaji ya ufizi, huugandisha ukawa jiwe la kahawia, ndio ugaga, likang'ang'ania mzizi. Antibayotiki ni Kigiriki: anti, dhidi, bios, uhai. Kiswahili kimesema waziwazi zaidi: kiuavijasumu. Kinaua. Sasa jiwe utaliuaje? Linakwanguliwa. Hata vijasumu vyenyewe hujikinga ndani ya utando wao, dawa isipenye vizuri mpaka uvurugwe.

Mafundi wa majahazi hawahitaji kuelezwa: hapaki mtu deheni kabla ya kukwangua chombo. Kukwangua chini ya ufizi ndiyo tiba. Dawa huongezwa pale mifuko inapogoma, na nafuu inayoongeza ni sehemu tu ya milimita.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kaunta, bibi akirudi mwambie: "Shikamoo bibi. Hizi ni za kumeza, tena kwa cheti cha daktari. Ufizi wako unataka kukwanguliwa kwanza."