Shule ya mjini nayo ifunge safari

Ushirikiano wa shule za mjini na za mbali mara nyingi hupangwa kana kwamba wa kusafiri ni mtoto wa kijijini peke yake. Nchini Australia wazo hilo limebeba majeraha. Kuanzia miaka ya 1910 hadi ya 1970, serikali na misheni ziliwachukua watoto wengi wa Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hiyo, kutoka kwa wazazi wao, kwa madai ya kuwapa maisha bora. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Bibi ambaye nduguze walichukuliwa ana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kumruhusu mjukuu wake aende bweni la mjini, na shule isimwone mkaidi.

Ndiyo maana nauthamini mfano wa shule ya Yiramalay. Ilianzishwa mwaka 2010 kwenye ranchi ya Leopold Downs, eneo la Kimberley, Australia Magharibi, kwa makubaliano ya Wabunuba, jamii ya Waaborijini wa huko, na shule ya Wesley College ya Melbourne. Vijana wa Kimberley walikwenda Melbourne kwa vipindi, na wa Melbourne wakaenda Kimberley kuishi na kusoma katika ardhi ya Wabunuba. Huko wa mjini ndiye mgeni: hajui mimea, hajui nani ni nani katika ukoo, na anayemwelekeza ni mwenzake. Urafiki ulioanza hivyo hauna harufu ya huruma hata wakikutana tena mjini.

Walimu nao wana ya kujifunza. Watoto wengi wa Kimberley huongea Krioli, lugha iliyozaliwa na mchanganyiko wa Kiingereza na lugha za wenyeji, au lugha ya wazee wao kabla ya Kiingereza, kama mtoto wa Kihadzabe wa bonde la Yaeda anayekuta Kiswahili darasani. Tena kuna masikio, jambo ambalo shule nyingi za mjini hulisahau. Maambukizi ya sikio la kati huwapata watoto wa Waaborijini kwa kiwango cha juu mno duniani, na usikivu hupanda na kushuka: leo anasikia, wiki ijayo hasikii vizuri. Mwalimu asiyejua humwita mtukutu au mzito. Apimwe mapema, akae karibu na mwalimu, na darasa liwekewe kipaza sauti. Hicho huwafaa wote.

Mengine yaamuliwe na wazee wa jamii kabla ya mtoto kupanda ndege. Akifiwa, arudi nyumbani kwenye matanga hadi yaishe, na nafasi yake isiguswe. Nauli hiyo ailipe nani? Na mafuriko yakifunga barabara, kama yalivyobomoa daraja la mji wa Fitzroy Crossing, huko Kimberley, Januari 2023, masomo yataendeleaje? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, yasomwe kwa lugha ya jamii, na jamii ibaki na haki ya kuuvunja.