Je, wajua? Petroli hailipui injini ya dizeli, bali huikausha pampu yake

Gari ya dizeli ikitiwa petroli kwa makosa, maelezo yanayozunguka Unguja na Pemba ni yaleyale: petroli ni kali, ikiingia kwenye injini ya dizeli hulipuka na kuipasua. Wengi wanaamini hivyo, na ndiyo maana wengine huona gari ikiunguruma bila mlipuko wakadhani wamepona. Imani hiyo imegeuza mambo juu chini.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hubana hewa mara 15 hadi 20 hivi mpaka ipite nyuzi 500 za joto, kisha nozeli hurusha dizeli humo nayo ikajiwakia yenyewe. Petroli imetengenezwa kwa kusudi lililo kinyume: ibanwe na isijiwakie mpaka plagi itoe cheche. Namba ya oktani hupima ukaidi huo hasa. Kwa hivyo petroli ndani ya dizeli huchelewa kuwaka. Injini hugonga, hukosa nguvu, hutoa moshi, mwisho huzima. Kugonga huko kukiendelea muda mrefu huumiza pistoni, lakini mara nyingi kinachotangulia kufa ni pampu ya dizeli.

Pampu hiyo, katika Toyota nyingi tunazoendesha, haina oili yake. Hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Katika injini za D-4D, yaani dizeli za kisasa za Toyota, presha hupita bar 1,000, wakati tairi la gari ndogo ni bar 2 na kidogo. Presha hiyo hutolewa na kipande cha chuma kinachokwenda na kurudi ndani ya tundu lake, nafasi baina yao ni sehemu chache tu kati ya elfu za milimita moja. Hakuna mpira wa kuziba hapo; kinachoziba ni kule kubana kwenyewe pamoja na utando mwembamba wa dizeli.

Mfikirie bibi harusi anayevishwa bangili zinazombana. Mkono ukipakwa mafuta ya nazi, bangili hupita. Mkono ukirowa maji matupu, bangili ileile hukwama kwenye kifundo na kuchubua ngozi, ingawa mkono haukukauka. Petroli ni yale maji: inalowesha chuma lakini haina mwili wa kuvitenganisha vyuma viwili. Na pampu huivua na kuivaa bangili yake mara elfu kadhaa kwa dakika.

Kinachochubuka ni chuma, na vumbi lake huenda mbali. Husukumwa hadi kwenye nozeli, zenye matundu ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na linalobaki hurudi tangini kupitia paipu ya marejeo. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea mara mbili: pampu mpya inafungwa, tangi halioshwi, vumbi la pampu ya kwanza linaila ya pili.

Kauli kwamba petroli kidogo haina neno ina asili yake. Nchi za baridi kali zamani watu walichanganya petroli kidogo kwenye dizeli ili isigande, na injini za wakati huo zilivumilia. Land Cruiser yenye 1HZ, injini ya mtindo wa zamani, inaweza kupona kwa kiasi kidogo. Hiace yenye 1KD, ambayo ni D-4D, isipimwe kwa mizani hiyo.

Kosa la upande wa pili, dizeli kwenye gari ya petroli, lina makali madogo zaidi. Plagi hutota, gari hukataa kuwaka au hutoa moshi mzito, na ikilazimishwa masafa marefu huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kwa kawaida kumwaga tangi, kubadilisha filta na kusafisha plagi hutosha. Kosa hili pia hutokea mara chache, kwa sababu mdomo wa pampu ya dizeli sheli, kama milimita 25, haupiti shingo ya tangi la gari nyingi za petroli, ilhali wa petroli, kama 21, huingia popote. Hiace ni mtego zaidi: bodi ileile huja na 1KD ya dizeli au 2TR ya petroli. Na mafuta yakitiwa kwa dumu, kinga hiyo haipo kabisa.

Ukigundua ukiwa bado sheli, usifikishe ufunguo kwenye ON. Baadhi ya gari zina pampu ya umeme tangini inayoanza kusukuma taa za dashibodi zinapowaka, na hata zisizo nayo, stata ikizunguka mafuta yanavutwa. ACC, hatua ya ufunguo iliyo kabla ya ON, inatosha kufungua usukani. Otomatiki iliyokwama P, Toyota nyingi zina kitufe au kifuniko kidogo karibu na gia kilichoandikwa SHIFT LOCK: vuta breki ya mkono, kibonyeze, peleka gia N, kisha achia breki na sukuma gari pembeni.

Usiilaze gari usiku ukitaraji dizeli itazama chini uimwage. Ni kweli dizeli ni nzito zaidi, lakini mafuta haya mawili huchanganyika, hayatengani kama mafuta na maji. Yote yamwagwe, kwa kizibo cha chini ya tangi kama kipo, au kwa kufungua paipu. Usivute kwa mdomo. Petroli kidogo tu ikiingia mapafuni huleta nimonia.

Tangi likibaki na lita moja yenye nusu petroli, tia lita 10 za dizeli safi: petroli inashuka chini ya asilimia 5. Mwaga tena ibaki lita moja, jaza 50, na sasa ni kama sehemu moja kwa elfu. Badilisha filta, toa upepo uliobaki kwenye paipu za mafuta kwa kipampu cha mkono mpaka kiwe kigumu, ndipo upige stata. Kama injini ilishawashwa, pasua filta kuukuu uitazame juani. Ukiona chembe zinazometameta, usiwashe: pampu, nozeli na paipu za presha zikaguliwe na fundi pampu, na tangi lishushwe lioshwe.

Mchanganyiko uliomwagwa uhesabiwe kuwa petroli kamili. Dizeli peke yake haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi. Ikipata petroli kidogo, hutoa mvuke huo kwa joto letu la kila siku, nao ni mzito kuliko hewa, hulala kwenye shimo la gereji. Fanya kazi uwanjani, chombo kiwe cha chuma, mbali na jiko na sigara. Usiutie kwenye taa wala jiko la mafuta ya taa. Wala usiumwage chini: sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yanayopitisha kila kitu upesi, na maji ya kunywa tunayachota humohumo chini.